Sista, nikimpa mama dawa ya maumivu ndo anazidi kuumwa, nifanyeje?

Shikamoo sista. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeshindwa. Naandika saa 9 usiku nipo Newala, mama amelala hapa pembeni yangu kama dakika kumi hivi na najua ataamka tu sasa hivi.

Mama ana miaka 58, ana kansa ya shingo ya kizazi. Mwaka jana tulienda naye Dar, Ocean Road, akapigwa mionzi tukarudi, akakaa vizuri kabisa mpaka msimu wa korosho akawa anaenda mwenyewe shambani kuokota. Mwaka huu mwezi wa tatu maumivu yakarudi, kiunoni na chini ya kitovu, hospitali wakasema ugonjwa umerudi na kwa sasa ni kumpunguzia maumivu, wakampa mofini ya maji. Sista, ile dawa mwanzoni ilikuwa kama muujiza. Alianza mili 5 kila baada ya masaa manne, siku ya pili tu akaomba ugali na kisamvu, usiku akalala moja kwa moja, mimi nikakaa nje barazani nikalia kwa furaha.

Mwezi wa sita wakapandisha mili 10, wa saba 20, na kila wakipandisha anapata nafuu siku mbili tatu halafu yanarudi. Ila mwezi huu wa tisa mambo yamebadilika kabisa. Maumivu hayapo tena kiunoni tu, yako kila mahali, mikono, mapaja, mpaka ngozi ya kichwa. Juzi nilitaka kumsuka vitatu vya kulalia, nilivyogusa tu nywele akapiga kelele. Nikimfunika khanga anasema toa hiyo inanichoma, khanga sista, siyo blanketi. Mjukuu wake wa miaka minne alipanda kitandani kumsalimia bibi, kitanda kikatikisika, mama akalia mbele ya mtoto na tangu siku hiyo mtoto anaogopa kuingia chumbani. Akipitiwa na usingizi miguu inarukaruka, mikono inashtuka kama kaguswa na umeme. Na jana alikuwa anaongea na marehemu mama yake, anamwambia asogee ampishe.

Mkojo nao umepungua, anakojoa kidogo sana wa rangi ya chai, na miguu imeanza kujaa kwenye vifundo. Sijui kama inahusiana ila nimeona nikwambie yote.

Kuna kitu naona aibu kukisema. Nimekuwa nikimwongezea dawa mwenyewe, sasa hivi nampa mili 30 na kuna usiku nilimpa mara mbili ndani ya masaa mawili. Na kila nikiongeza naona kama ndo namwagia petroli. Wifi naye alimnunulia diklofenaki duka la dawa, anamezeshwa asubuhi na jioni.

Nyumbani hatuelewani. Kaka yangu tunayekaa naye kutwa yuko shamba anapuliza mikorosho dawa ya salfa, akirudi jioni anasikia kelele anasema mama ameshakuwa teja, tukatize hiyo dawa yote atazoea. Kaka mkubwa aliyeko Dar anapiga simu anasema ongezeni, mama hawezi kufa na maumivu wakati dawa ipo. Wifi anasema maumivu ya kuhamahama siyo ya hospitali hayo, kuna mkono wa mtu, na ameshaongea na mganga. Nilipoenda kuchukua dawa nikamweleza aliyekuwa dirishani akanijibu "ndo kansa hiyo dada, zoea".

Sista niambie ukweli, hivi dawa ya maumivu inaweza kuleta maumivu? Au mimi ndo nimechanganyikiwa kwa kukosa usingizi?

Binti wa Newala

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya usiku wote huo.

Hujachanganyikiwa. Ndiyo, inaweza. Na kabla sijaeleza chochote nakwambia hili kwanza, kwa haya uliyoandika usisubiri tarehe ya kliniki, mama aende hospitali kesho asubuhi. Na kama usiku huu akilala usingizi ambao hata ukimtikisa na kumwita haamki vizuri, au anapumua polepole kwa kukata, au akipata degedege, basi dozi inayofuata usimpe na umpeleke hapo hapo Newala, hospitali ya wilaya, usiku huohuo. Haya, sasa tuongee.

Hiki kitu kilishaonwa zamani sana. Mwaka 1870 daktari mmoja Mwingereza, Clifford Allbutt, aliandika kwamba ana wagonjwa anaowachoma sindano za mofini muda mrefu na ameanza kujiuliza kama siyo ile dawa yenyewe inayochochea maumivu. Kwa hiyo swali lako la saa 9 usiku lina miaka zaidi ya 150, na madaktari wa maumivu wanalijua, shida ni kwamba huku kwetu wengi tuliosomea uuguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa akilia ongeza, akilia tena ongeza tena, na hatukufundishwa kwamba kuna siku ya kusimama tukajiuliza.

Inakuwaje. Wewe ni mtu wa Newala, bila shaka ulishawahi kubabuliwa na yale mafuta ya ganda la korosho. Unakumbuka ile ngozi iliyobabuka, hata maji ya kunawa yakipita unaruka? Maji hayana kosa, ngozi ndo iko macho kupita kiasi. Sasa mofini ikikaa mwilini kwa wingi na kwa muda, kuna wagonjwa ambao mishipa ya fahamu kwenye uti wa mgongo na kwenye ubongo inakuwa hivyo hivyo, inaamka, kitu kidogo inakipokea kama kikubwa. Khanga inakuwa moto. Kitanda kikitikisika ni kipigo. Na maumivu yanatoka pale kwenye ugonjwa yanatambaa mwili mzima, hata sehemu ambazo kansa haijafika. Ndo hayo ya kuhamahama ambayo wifi yako ameyatafsiri vingine, na mimi simlaumu wifi, mtu akiona maumivu yanazunguka mwili bila sababu anatafuta sababu. Ila sababu ipo.

Kwa mama yako mimi naiona sababu nyingine tena, ile uliyoiandika ukidhani haihusiani. Mkojo. Mofini ikishafanya kazi inavunjwavunjwa kwenye ini, yale mabaki yake yanatolewa na figo kwenye mkojo. Kati ya hayo mabaki kuna ambayo hayapunguzi maumivu hata kidogo, kazi yake ni kuchokoza mishipa ya fahamu tu. Figo zikiwa nzima yanatoka. Figo zikigoma yanajaa mwilini, na kila dozi unayompa inaongeza juu ya yaliyopo, ndo pale unaona miguu inarukaruka usingizini, anaona watu waliokufa, ngozi haigusiki. Na kansa ya shingo ya kizazi ina tabia hiyo mwanangu, inakua pembeni inaibana ile mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kuja kwenye kibofu, mkojo unarudi juu, figo zinavimba. Mkojo mdogo wa rangi ya chai na vifundo vya miguu kujaa, mimi ningekuwa nyumbani kwenu hicho ndo kitu cha kwanza ningekitolea macho. Sijamwona mama siwezi kuapa, ila hicho lazima kipimwe.

Kwa hiyo hiyo diklofenaki ikome leo. Leo. Ni dawa nzuri kwa mtu mwenye figo nzima, kwa figo zilizobanwa inazimalizia, na brufen hivyo hivyo. Na mitishamba ya mganga nayo ikae pembeni, figo zikiwa dhaifu kitu usichojua kilichomo ni hatari, na hapo siongei habari ya imani ya mtu yeyote. Maji anywe anavyotaka, usimlazimishe malita kwa malita ukidhani unazisafisha figo, kama njia imeziba yatabaki mwilini na kuvimba atazidi.

Sasa hiyo aibu yako. Niliwahi kufanya hivyohivyo unavyofanya wewe, tena mimi nikiwa na sare nyeupe. Miaka hiyo nipo wodini huku Lindi tulikuwa na mzee mmoja mvuvi, kansa ya tezi dume imeingia kwenye mifupa, na nilimpenda yule mzee kama baba. Alikuwa akilia namwomba daktari tuongeze, tunaongeza, kesho analia zaidi, naomba tena. Ilifika mahali nikitaka kumpima presha ule mkanda ukianza kubana mkono anapiga yowe wodi nzima inageuka. Akaja daktari mwingine, akamwangalia miguu inavyoshtuka, akasoma faili kimya kimya, akasema punguzeni dozi kwa theluthi na mtundikieni dripu. Nilimwona katili. Niliondoka zamu nimekasirika nikijua nikirudi nitakuta mzee amekufa kwa maumivu. Siku ya tatu narudi nakuta amekaa, shuka imemfunika mpaka kifuani, anauliza kama kuna mtu anaenda feri amletee samaki changu. Maumivu ya mifupa yalikuwepo bado, ila yale ya mwili mzima yalikuwa yameondoka. Sijaisahau ile shuka. Basi usijione muuaji, ulichofanya kila mtu anayempenda mgonjwa wake angefanya, ila sasa umeshajua, usiongeze tena hata tone.

Na kaka zako nao uwasomee hapa. Kaka wa salfa, mama siyo teja. Teja anaitafuta dawa aipate raha yake, mama hata hiyo raha haipati, anameza anaumia. Na kukatiza yote ghafla ni kumtesa, mwili ulioizoea mofini ikiondolewa kwa siku moja mtu anatoka jasho, anaharisha, tumbo linakata, makamasi, vipele vya baridi, anapiga miayo na hapati usingizi, na maumivu yanapanda mara mbili. Kaka wa Dar, una huruma na una haki ya kuwa nayo, ila hapa kuongeza ndiko kunakomchoma. Kitu ambacho ningependa ufanye ni kutuma nauli.

Mpaka mfike hospitali, rudi kwenye mili 20 ya masaa manne manne ile aliyoandika daktari, huo ndo mwisho wa kujiamulia nyumbani, kupunguza chini ya hapo wafanye wao. Isipokuwa ile hali niliyosema mwanzo ya kutoamshika, hapo huongezi wala hupunguzi, humpi kabisa, mnaenda.

Ukienda beba chupa yenyewe, usiende na maneno ya "mili ishirini" tu. Mofini ya maji inatengenezwa kwa nguvu tofauti, mili 5 za chupa hii zinaweza kuwa na miligramu nyingi kuliko mili 5 za chupa nyingine, daktari anahitaji kusoma lebo. Beba na daftari. Chukua hata la mtoto wa shule uandike usiku huu unavyokumbuka, lini dozi ilipanda, alipata nafuu siku ngapi, lini maumivu yalianza kutambaa, lini ulimwongezea mwenyewe na kiasi gani, hilo usilifiche hata kama utaona haya, na ile diklofenaki, na mkojo. Daktari mwenye foleni ya watu arobaini akisikia "mama anaumwa sana" ataongeza dawa, akisikia "kila tukiongeza anazidi, hata khanga inamuuma, na miguu inarukaruka" atasimama. Sema hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi.

Omba wampime figo, kipimo cha damu kinaitwa kreatinini, pamoja na ultrasaundi ya figo zote mbili. Kama hapo wilayani vipimo hivyo havipo siku hiyo, omba rufaa, kutoka Newala unaweza kushuka Ndanda au kwenda Mtwara mjini, kuna Ligula na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Ulizia kama kuna mtu wa tiba shufaa, hao ndo waliosomea mambo haya ya maumivu ya wagonjwa wa kansa. Na kama hela imekata uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hujaanza kuuza kitu, msiuze korosho za msimu ambao haujafika kwa mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho.

Watakachofanya kitategemea walichokiona. Wanaweza kupunguza dozi, au kuachanisha masaa badala ya manne yawe sita au nane kama figo zimechoka. Wanaweza kumhamishia dawa nyingine ya jamii hiyohiyo ambayo haitegemei sana figo, kama fentanili ile ya kubandika kwenye ngozi au methadoni, siyo dawa za kila hospitali ndo maana rufaa inaweza kuhitajika. Wanaweza kumwongezea dawa za pembeni za kutuliza mishipa ya fahamu, amitriptilini ni vidonge vya bei ndogo vinavyojulikana, gabapentini ipo ila kwa mwenye figo dhaifu inapimwa kwa uangalifu. Kuna ketamini pia, ile ya kulazia watu chumba cha upasuaji, ikitolewa kidogo sana hospitalini inaweza kuzituliza zile neva zilizoamka, ukisikia wanaitaja usishtuke ukadhani wanampasua mama. Na ikionekana mirija imebanwa kuna njia ya kuweka kimrija cha kupitisha mkojo, hiyo ni ya hospitali kubwa, mtakaa na daktari na mama mwenyewe aulizwe kama anataka, maana ni mwili wake na akili zake zikirudi atakuwa na la kusema.

Lakini nikuonye kidogo na wengine mnaosoma. Siyo kila maumivu yakiongezeka ni haya. Mara nyingi kwa mgonjwa wa kansa yakiongezeka ni ugonjwa umesogea, au mwili umeizoea dozi, na hapo kuongeza kunasaidia kweli kweli na kunabaki kumsaidia. Au ni choo, mofini inafunga choo, tumbo likijaa siku tano linauma kama kansa mpya, mama alipata lini choo mara ya mwisho? Liandike na hilo kwenye daftari. Dalili zinazonifanya nifikirie haya ya mama yako ni kwamba unaongeza anazidi, maumivu yametoka mahali pake yamesambaa, na ngozi haitaki kuguswa. Kwa hiyo asije mtu akasoma hapa akaenda kumwaga chupa ya mgonjwa wake. Mofini ndo iliyompa mama yako ugali na kisamvu mwezi wa tatu. Wako wagonjwa huko vijijini wanaokufa wakipiga kelele kwa sababu hakuna aliyewapa hata mili moja, na hao ndo wengi zaidi kuliko wa aina ya mama yako, naomba tusiwaongezee.

Kwa usiku huu, usimsuke, zifunge tu kwa kitambaa chepesi au ziache. Mjukuu asimame mlangoni amsalimie bibi kwa sauti, umweleze kwamba bibi hajamkasirikia, ngozi yake ndo inauma. Kama baridi ya huko juu Newala inamsumbua na khanga haivumiliki, tafuta boksi kubwa la dukani, la sabuni au la tambi, kata pande mbili zinazotazamana lipite kama daraja juu ya miguu yake, khanga uitandike juu ya boksi isimguse. Tulikuwa tunafanya hivyo wodini.

Asubuhi kabla ya gari mpe dozi yake ya saa 12 kama ameamka vizuri, mwekee mto mgongoni, chagua siti ya mbele ambako hairushi sana, chupa na daftari viwe kwenye mkoba wako wewe, visipandishwe juu na mizigo. Ukifika niandikie wamesema nini kuhusu figo.